Aiskrimu ya Siena

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa kumi jioni, mapazia ya ukumbi wa kanisa la mji wa Hasselrode yalifungwa, watu wakabeba vikombe vyao vya kahawa na vipande vya keki ya plamu, wakakaa, wakangoja Mwalimu Harms awaonyeshe Ulaya. Na kila mwaka Traudi, mkewe, aliomba ukumbi ule uungue kabla taa hazijazimwa. Haukuungua hata mara moja.

Siyo kwamba alichukia picha. Slaidi zote alizipanga yeye mwenyewe, akazifuta vumbi kwa kitambaa laini, akazichomeka kwenye sahani ya projekta, maana vidole vya mumewe viliumbwa kwa kushika chaki na kunyooshea watu, basi. Na kazi yenyewe waliifanya hivi: Volkmar Harms anasimama mbele na fimbo yake, anaeleza, akitosheka anagonga sakafu, ko, na Traudi huko nyuma anabonyeza kitufe, inakuja picha nyingine. Mwenyewe hageuki kutazama skrini. Alisema ni ushamba mtu kugeuka kuzikodolea macho picha zake mwenyewe. Alizijua kwa zamu zake, kama mchungaji anavyoijua ibada.

Kilichomuua Traudi ni ile ya mwisho. Wawe wamekwenda Toledo, wawe wamekwenda Krakow au Bruges, ya mwisho ilikuwa ileile: Traudi, nywele bado nyeusi, ameketi chini kwenye matofali ya uwanja mkubwa wa mji wa Siena, Italia, aiskrimu ya kijani inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, kinywa wazi, anacheka. Volkmar anagonga, ko, halafu anapandisha sauti: "Na hapa, mabibi na mabwana, karne saba za usanii ziko nyuma ya mgongo, na mke wangu anatazama nini?"

Ukumbi mzima unajibu kwa pamoja: "Aiskrimu!"

Wanacheka mpaka kahawa inamwagika. Wessel, mwenye bucha pale karibu na stesheni, alikuwa hawezi kumpimia Traudi soseji bila kumuuliza, "Na aiskrimu, Bi Traudi, nikufungie?" Mke wa mchungaji naye alishamwambia kwamba ile ndiyo picha anayoipenda kuliko zote, eti inampa furaha mwaka mzima. Wale watu hawakuwa wabaya. Hawakujua tu.

Haya, sikilizeni wasichokijua.

Siku ile ya Siena ilikuwa Jumanne. Volkmar alikuwa mtu asiyenunua vitu barabarani. Safarini wao walikula mkate uliotoka hotelini, umekunjwa kwenye leso, na maji walibeba kwenye chupa. Lakini Jumanne ile, katikati ya mchana, bila kuombwa, alikwenda dukani kwa miguu yake, akarudi na aiskrimu moja, akampa mkewe, akasema, "Kula, Traudi. Kaa hapo, ule." Na Traudi, aliyekuwa ameolewa miaka mingi na hajawahi kununuliwa hata njugu, alikaa chini pale pale kama msichana na moyo ukamjaa. Alijisemea: kumbe ananipenda. Ndiyo maana anacheka vile kwenye picha. Tazameni vizuri, kile siyo kicheko cha mtu mlafi.

Jumamosi walirudi nyumbani. Dada yake Traudi, Gesine, alikuwa amesimama mlangoni, amevaa nyeusi toka juu mpaka chini. Hakumkumbatia. Alisema tu, "Tumemzika jana."

"Mmemzika nani?"

"Usinifanyie hivyo, Traudi. Nilipiga simu hotelini Jumanne asubuhi, nikamwambia Volkmar mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akasema hamtawahi. Mama alikuulizia mpaka dakika ya mwisho, na wewe umekaa Italia!"

Jumanne asubuhi. Na aiskrimu ilikuwa Jumanne mchana.

Alimuuliza mumewe jioni ile, mabegi yakiwa bado hayajafunguliwa. Volkmar alikuwa anatoa filamu kwenye kamera, wala hakuinua kichwa. "Ungefanya nini?" alisema. "Ungemfufua? Jumatano tulikuwa na makumbusho, Alhamisi San Gimignano, Ijumaa njiani. Ratiba ni ratiba."

Gesine hakusema na Traudi tena mpaka naye akafa. Na Novemba ilipofika, ile picha ikatokea kwenye skrini kwa mara ya kwanza, na watu wakacheka, na Volkmar akaona mali. Tangu hapo haikutoka. Traudi alimwomba aitoe. Aliomba mwaka wa kwanza akilia, mwaka wa pili kwa upole, mwaka wa tatu kwa hasira, na miaka iliyofuata aliomba kama mtu anayeomba mvua inyamaze. Jibu lilikuwa lilelile: watu wanaipenda.

Basi, ndipo macho ya Volkmar yakaanza kufa.

Yalianzia katikati. Akikutazama usoni hauoni uso, anaona masikio tu. Daktari wa Hanover alimwambia pole, hakuna dawa. Mwaka haukuisha ikabaki nuru na kivuli, kama mtu aliyefunikwa gunia la unga kichwani. Siku ile ya daktari, njiani kurudi, ndani ya treni, Volkmar alimshika mkewe kifundo cha mkono akambana.

"Usithubutu kumwambia mtu."

"Watu wataona, Volkmar."

"Wataona nini? Mimi ni mwenyekiti wa chama cha historia. Unataka wanichangie? Unataka wale mbuzi niliowafundisha waje kunishika mkono kunivusha barabara? Utakuwa macho yangu, na utafunga mdomo. Basi."

Na kweli, Hasselrode hakuna aliyegundua. Mji ule aliujua jiwe kwa jiwe. Aliyemsalimia alimjibu kwa sauti. Aliyepita kimya hakumjali. Na watu hawakushangaa, maana hata alipokuwa na macho mazima alikuwa hawaoni.

Mwaka ule ratiba ilisema Chartres. Ndiyo, Chartres, kanisa kuu la vioo vya rangi, ambalo watu huvuka bahari kwenda kuliona. Traudi alimuuliza, "Tukafanye nini huko sasa?" Akaambiwa afunge mabegi.

Walikwenda kwa treni, wameshikana mikono. Wafaransa kwenye kituo waliwatazama kwa huruma tamu, jinsi wazee wale wanavyopendana mpaka uzeeni. Laiti wangesikia maneno yao ndani ya kanisa.

"Niambie dirisha la tatu kulia."

"Bluu. Kuna mtu amepiga magoti, kuna mwingine amebeba kitu, kama mkate..."

"Siyo mkate, ni jiwe! Angalia vizuri!"

"Ni mkate, Volkmar. Naona kabisa kikapu."

"Wewe una macho ya kuku. Kitabu kinasema jiwe. Miaka yote hii nakutembeza, bado huoni kitu. Mungu naye, haki ya nani, angalau angekunyang'anya wewe macho, usingekosa chochote."

Yaani kipofu anamsahihisha mwenye macho, tena kwa sauti, mbele ya watu! Traudi alisimama pale katika ile nuru ya bluu iliyomwagika sakafuni, nuru nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kuona, na kwa mara ya kwanza aliona jambo moja waziwazi. Kwamba mtu huyu sasa ataona kile tu ambacho yeye Traudi ataamua akione.

Kesho yake Volkmar alidai apelekwe nje, mbele ya mlango wa magharibi, ule wenye sanamu za wafalme na malkia. Lazima apigwe picha pale, akieleza, mkono juu. Mwenyekiti lazima aonekane kwenye picha moja ya kila safari, watu wasije wakasema ameziokota.

"Niweke sawasawa," alisema. "Katikati kabisa."

Traudi alimshika kiwiko. Akatembea naye taratibu kwenye kokoto, akapita naye mbele ya ule mlango, wafalme wakiwatazama kutoka juu, akaendelea naye mpaka ng'ambo ya uwanja, kule yaliposimama mabasi ya watalii. Akamgeuza. Akamsimamisha mbele ya ukuta wa choo cha umma, pua iko hatua mbili kutoka kwenye alama ya mwanamume na mwanamke.

"Hapo hapo," alisema. "Uko katikati kabisa."

Volkmar alinusa. Akakunja uso. "Wafaransa! Wanakojoa hata mlangoni kwa kanisa."

"Ndiyo walivyo," alisema Traudi.

Volkmar alirekebisha skafu yake. Akakohoa. Kisha akainua kidole, akaanza kuwaelezea wafalme: huyu ndiye mwenye fimbo, yule malkia mwenye misuko miwili mirefu, tazama utulivu wa nyuso zao, tazama kiuno kilivyonyooka. Mwanamke aliyetoka chooni akimvuta mtoto alisimama akashangaa, kisha akaweka mkono mdomoni na kukimbia. Vijana wawili kwenye basi walipiga kioo. Volkmar akasikia vicheko, akatabasamu, akadhani amepata hadhira. Akapandisha sauti.

Traudi alirudi nyuma kwa pembeni hatua kadhaa, mpaka vikaingia vyote: mume, kidole, ukuta, alama ya choo, na huko juu, mbali nyuma ya mgongo wa Volkmar, minara miwili ya kanisa imesimama kimya. Akapiga.

"Umepiga?"

"Nimepiga."

"Nimetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri sana, mume wangu."

Msidhani alikuwa ameshaamua. Hapana. Ilipotoka kusafishwa, slaidi ile aliifunga kwenye leso, akaiweka kwenye mfuko wa aproni, akakaa nayo wiki nyingi. Wakati mwingine aliigusa akiwa anakaanga viazi, akaona aibu. Alijiambia, nitampa nafasi moja. Nitamwomba mara moja tena. Akikubali kuitoa ile ya Siena, hii naitupa jikoni kwenye moto, na hatajua milele.

Jumamosi, siku moja kabla ya maonyesho, Volkmar alikuwa ameketi jikoni anajisomea kimoyomoyo zamu za picha, vidole vinagonga meza. Traudi alikuwa anamenya viazi mbele ya jiko la kuni.

"Volkmar. Mwaka huu tuiache ile ya Siena."

"Ipi?"

"Unaijua."

Vidole vikaacha kugonga. "Mungu wangu. Bado tu? Mama yako alikuwa ajuza, alikufa kitandani kwake, mimi sikumuua."

"Ulijua. Ulinunua ile aiskrimu unajua."

Volkmar alipapasa ukingo wa meza kwa muda mrefu kiasi kwamba Traudi aliacha kisu, akafuta mikono, na kitu kikaanza kulegea kifuani mwake. Alisogea karibu. Akamuuliza taratibu, karibu ambembeleze: "Ulinihurumia, siyo? Niambie tu hivyo. Ulinunua kwa sababu ulinionea huruma."

Angesema ndiyo. Neno moja! Hata la uongo Traudi angelipokea kwa mikono miwili.

"Huruma ya nini?" alisema Volkmar. "Nilijua ukishajua utaanza kulia, utaniharibia siku zote zilizobaki. Nikasema angalau Jumanne nipate picha moja ya maana kabla hujachafua uso. Na ikatoka. Watu wanaipenda. Iache." Akarudi kugonga meza. "Na viazi vyako vinanuka, umeunguza."

Hakuwa ameunguza. Maji yalikuwa hata hayajachemka. Traudi alirudi kwenye viazi vyake, akavimalizia vyote, akavitia chumvi, akapakua, akamkatia nyama yake vipande vidogo vidogo kama anavyofanya siku zote ili asichafue meza. Usiku ule alilala fofofo.

Jumapili ukumbi ulijaa. Keki ilikuwa nyingi, mke wa mchungaji alikuwa amevaa bluu, Wessel amekaa mstari wa mbele na shingo yake nene kama kawaida. Nusu ya watu pale walikuwa wanafunzi wa Volkmar, na kila mmoja alikuwa na jina alilopewa darasani: mbuzi, gunia, ubongo wa samaki. Wessel ndiye alikuwa ubongo wa samaki. Traudi alimwongoza mumewe mpaka mbele, kiwiko kwa kiwiko, kama bibi harusi. Mtu mmoja akanong'ona, "Wanapendana hao."

Taa zikazimwa.

Volkmar alikuwa bora kuliko miaka yote. Lazima tuseme ukweli. Aliongea juu ya vioo kama mtu aliyelala chini yake. Ko, na Traudi anabonyeza. Ko, anabonyeza. Kila picha ilikuja mahali pake, haikukosewa hata moja, na watu walisahau kutafuna. Alipofika kwenye dirisha la tatu kulia akasema, "Na huyu, kama mnavyoona, amebeba jiwe," na watu wakatazama kikapu cha mikate na wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu akishasema jiwe ni jiwe.

Kisha akanyoosha koti, akatabasamu. Watu wakaanza kujisogeza vitini. Walijua kinachokuja. Wengine walishaanza kucheka.

Ko.

Traudi akabonyeza.

"Na hapa, mabibi na mabwana," alisema Volkmar, "karne saba za usanii ziko nyuma ya mgongo, na huyu mpendwa anatazama nini?"

Nusu ya ukumbi ilikuwa imeshafungua kinywa. "Ais..." Neno likafia hapo.

Kwenye skrini alikuwa Volkmar Harms, mkubwa kama ukuta mzima, kidole juu, uso mkali wa darasani, anafundisha choo. Nyuma ya mgongo wake, mbali, kanisa kuu.

Wessel ndiye wa kwanza kupata sauti. Alidhani ni utani mpya. Alidhani Mwalimu hatimaye, baada ya maisha mazima, amejifunza kujicheka. Akapiga kofi gotini, akapaza kwa furaha yote aliyokuwa nayo: "Choo!"

Lo, ukumbi ukalipuka! Hawajawahi kucheka vile. Mke wa mchungaji alishika mbavu. Watu walipigana mabega. "Choo! Mwalimu anatazama choo!"

Volkmar alisimama na tabasamu lake lililoanza kuchuja. "Nani kasema choo?" alisema. "Wessel, ni wewe? Hata baada ya miaka yote hii, ubongo wa samaki! Aiskrimu, bwana. Aiskrimu! Huoni anavyojilamba? Huoni inavyomchuruzika?"

Wachache walicheka bado. Kisha wachache wakawa wawili. Kisha hakuna.

"Tazameni hicho kinywa," alisema Volkmar kwa sauti ya juu kidogo, "wazi kama cha kinda la ndege..." Akangoja. Hakuna aliyecheka. Ndipo akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya katika ukumbi ule: akageuka kutazama skrini. Lakini alikosea. Aligeukia pazia la dirisha. Akasimama anatazama pazia, shingo mbele, uso unatafuta nuru kama mtu anayetafuta mlango gizani, na skrini iko huku, pembeni yake, nyeupe na kubwa. Kikombe cha mtu kikalia kwenye sahani. Ukumbi mzima ukaelewa kwa pamoja.

Wessel aliinamisha kichwa. Mke wa mchungaji aligeuka nyuma, akamtazama Traudi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona nyoka kwenye kikapu cha mkate. Traudi alimtazama yeye pia. Hakushusha macho.

"Traudi," Volkmar aliliambia pazia. Sauti ilikuwa ndogo. "Kuna nini pale?"

"Mimi," Traudi alijibu kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwambia mtu chakula tayari. "Mimi na aiskrimu yangu."

"Mbona hawacheki?"

"Labda wamefiwa."

Ndipo Volkmar akaelewa, siyo yote, lakini ya kutosha. Akagonga sakafu, ko, Traudi aitoe. Traudi hakubonyeza. Akagonga tena, kwa nguvu. Akagonga mara ya tatu, mara ya nne, anagonga tu kama mtu anayebisha kwenye nyumba isiyo na watu, na hapana hata mmoja katika wale mbuzi wake wote aliyenyanyuka kumshika mkono, maana hawakujua kama anaruhusu.

"Hakuna nyingine, Volkmar," alisema Traudi. "Hii ndiyo ya mwisho. Ratiba ni ratiba."

Kisha akavuta sahani ya keki, ambayo tangu jioni hakuwa ameigusa, akakata kipande, akala pale pale kwenye mwanga wa projekta, mbele za watu wote. Mke wa mchungaji alikuwa amezioka mwenyewe asubuhi ile. Zilikuwa tamu kweli.